Kufungua hifadhi ndogo na njia ya miguu kwenye ardhi ya serikali: mwongozo kamili kwa shehia za Pemba

Kila masika yakimalizika napigiwa simu za aina mbili. Ya kwanza: njia tuliyoifyeka Januari imekuwa mto. Ya pili: katokea mtu anasema tumemkatia miti ya marehemu baba yake. Wanaopiga si wavivu. Wamefyeka, wamebeba mawe, wameyapaka chokaa, na mgeni rasmi kaja kukata utepe. Walichokosea ni mpangilio. Wameanza na panga, na panga ni hatua ya sita.

Mwongozo huu ni kwa kamati ya shehia, kikundi cha mazingira au halmashauri inayotaka kutenga kipande cha mwitu na kukifungulia njia ambayo mwanafunzi, mgeni na mkaazi wa hapo watapita bila kuuharibu. Nauandika nikiwaza Pemba, kwa sababu vilima vyetu na udongo wetu unaoteleza ndivyo vinavyotesa njia zaidi. Wenzetu wa maweni, kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, Unguja au huku Micheweni, wataona nimewawekea sehemu yao mbele kidogo.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Karatasi. Barua ya Sheha, muhtasari wa kikao cha shehia wenye saini za waliohudhuria, mchoro wa eneo, na maandishi ya taasisi inayosimamia ardhi hiyo. Pikipiki ikija kuuliza "nani kakuruhusuni?", karatasi ndiyo inayojibu.

Watu. Sheha, mzee mmoja au wawili wanaojua mipaka ya zamani, mtu wa Idara ya Misitu, wanawake wanaoingia mwitu huo kila siku, na nguvu kazi ya watu kumi hadi kumi na watano. Wanawake nimewataja makusudi. Wanaokata ukindu na kuokota kuni wanaujua mwitu kuliko kamati nzima ya wanaume waliokaa barazani.

Vifaa. Mapanga, majembe, machepe, mtaimbo mmoja, msumeno, toroli au makarai, futi ya kamba ya mita 30 au 50, vigingi mia moja hivi, vitambaa vyekundu, simu yenye ramani, ndoo ya lita 20, na fito tatu za kutengenezea kipimo cha mteremko. Buti na glovu kwa kila anayefyeka. Ndara zibaki nyumbani.

Muda. Masika moja kamili kabla ya kukata chochote. Hapa ndipo wengi wananikimbia. Nitaeleza sababu kwenye hatua ya tatu.

## Hatua ya 1: Jua ardhi iko chini ya nani, na miti ni ya nani

Zanzibar ardhi yote ni ya umma, na sheria ya ardhi ya 1992 imeiweka chini ya Rais. Mtu anachokuwa nacho ni haki ya kuitumia. Kwa hiyo kusema "hii ya serikali" hakujamaliza swali. Iko chini ya nani serikalini? Huenda ni hifadhi ya Idara ya Misitu. Huenda iko mikononi mwa halmashauri au baraza la mji. Huenda ni eka tatu alizopewa mtu baada ya Mapinduzi, na mwenyewe kahamia Unguja. Nenda kwa Sheha, kisha ofisi ya wilaya, kisha Kamisheni ya Ardhi. Usiridhike na jibu la mdomo.

Halafu kuna miti. Kwetu mti unaweza kuwa wa mtu na ardhi isiwe yake. Nazi, karafuu, mwembe, mfenesi: kila mmoja unaweza kuwa na mwenyewe, na mwenyewe akifa una warithi kumi. Mkarafuu ndio kabisa usiuguse, kwani kuukata bila kibali ni kosa la kisheria hata ukiwa umezeeka.

Katika shehia moja tulishachomeka vigingi vyote tukajiona mabingwa. Asubuhi ya pili tukamkuta bibi mmoja kakaa chini ya mfenesi, bakora mapajani, vigingi vitatu vimeng'olewa na kupangwa vizuri pembeni yake. Tukamwamkia. Akaitikia, kisha akasema: "Wanangu, ardhi ya serikali, hilo silibishi. Mfenesi huu kaupanda marehemu mume wangu. Alipokuwa akiumwagia maji, serikali ilikuwepo?" Tuliizungusha njia mita nane. Ingekuwa tumeshakata, tungelipa.

Umefaulu ukiwa na: karatasi inayotaja msimamizi wa ardhi, na orodha ya miti yenye wenyewe ndani ya eneo pamoja na jina la anayeidai kila mmoja.

## Hatua ya 2: Kaeni kikao na wanaoutumia mwitu

Mwitu mtupu haupo. Kuna anayekata ukindu wa mikeka, anayefunga ng'ombe, anayechimba dawa, anayepita kwenda kondeni. Kuna makaburi yasiyo na alama. Kuna mizimu.

Juu ya mizimu nina msimamo wangu. Ukiambiwa pahala fulani hapapitwi, usianze mjadala wa dini wala wa sayansi. Ondoa njia hapo, na usipaandike kwenye ramani ya wageni. Wenyewe wanapajua, na hilo linatosha.

Andikeni kila matumizi na mkubaliane kipi kinaendelea, kipi kinahamia sehemu nyengine, na kipi kinasita. Msiahidi fedha. Watu watataja msitu wa Jozani, kule Unguja, ambako sehemu ya mapato ya kiingilio huenda kwa vijiji vinavyouzunguka msitu. Ni kweli, lakini Jozani ina kima punju na barabara ya lami. Kipande chenu cha ekari ishirini hakitajaza mfuko mwaka wa kwanza, na aliyeahidiwa pesa akazikosa ndiye atakayeng'oa vibao.

Onyo: msiite kikao wala msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, karafuu zikiwa zimeiva. Hakuna atakayekuja, na watakaokuja watakuwa wasiokuwa na usemi.

## Hatua ya 3: Tembea eneo wakati wa masika

Kati ya Machi na Mei, mvua ikiwa imetoka kunyesha, ingia mwituni na simu yako. Usitafute mandhari. Tafuta maji. Wapi yanatuama? Wapi yanakimbia? Wapi kuna mistari ya majani makavu yaliyosukumwa pamoja, dalili kwamba mkondo umepita hapo usiku? Kila pahala pa maji weka alama kwenye ramani.

Njia inayochaguliwa Januari, ardhi ikiwa ngumu kama sakafu, huchaguliwa kwa macho. Mtu huona bonde tambarare, lisilo na visiki, jepesi kufyeka, akasema "hapa hapa". Hapo ndipo maji yote ya kilima hushukia. Tambarare ndiyo sehemu mbaya kuliko zote, kwa sababu maji yakifika hapo hayana pa kwenda.

Umefaulu ukiwa na: ramani ya maji, hata ya kuchora kwa mkono, aliyoiona na kuikubali mzee wa hapo.

## Hatua ya 4: Tenga kwanza sehemu ambazo njia haitafika

Watu hufikiri hifadhi ni njia na vibao. Hifadhi ni pale pasipopitwa. Kabla ya kuchora njia, zungushia mstari sehemu za kuacha: chemchemi, kingo za mito, miti mikubwa mizee kama mivule, na zaidi ya yote pahala wanapolala popo.

Popo wa Pemba, yule mkubwa, hapatikani pengine duniani. Mchana huning'inia juu ya miti kwa mamia, na ukiwapigia kelele huruka wote kwenye jua kali, na wenye watoto huhangaika zaidi. Kidike, hifadhi ya popo hapa Pemba, wageni huwaangalia kwa mbali, na ndivyo inavyotakiwa. Sehemu ya kutazamia iwe umbali ambao popo hawageuzi kichwa ukifika. Ukiona wameanza kujinyoosha na kupiga mbawa, umekaribia mno. Rudi nyuma hatua thelathini, uchomeke kigingi hapo.

Tuna pia ndege wanne ambao ni wa Pemba tu, wakiwamo ninga, chozi na bundi. Bundi huyu hukaa kwenye matundu ya miti mikongwe, basi mti uliokauka ukiwa mbali na njia, uache usimame. Sio uchafu.

## Hatua ya 5: Vibali, kisha vigingi

Vibali nitavipita haraka kwa sababu ofisini watakuelekeza. Sheria ya misitu ya 1996 inaruhusu jamii kuingia mkataba na Idara ya Misitu kusimamia msitu wake. Ulizia huo kabla ya yote. Pelekeni maelezo ya mradi ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, wao ndio waseme kama mnahitaji tathmini ya athari za mazingira au la. Halmashauri nayo ipate nakala. Ofisa akikwambieni "anzeni tu, karatasi zitafuata", msianze.

Sasa mstari wa njia. Tengeneza kipimo: funga fito tatu mfano wa herufi A, miguu iwe mita 2 kutoka mmoja hadi mwengine, na kutoka kileleni ning'iniza uzi wenye jiwe. Usimamishe, utie alama pale uzi unapokata fito ya kati. Geuza miguu, kila mmoja ukae alipokuwa mwenzake, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo pahala pa usawa. Kisha, kwenye sakafu iliyo sawa, weka tofali la sentimita 20 chini ya mguu mmoja utie alama nyengine, halafu chini ya mguu wa pili. Hizo ni alama za mteremko wa asilimia 10.

Kanuni ni mbili.

Moja, njia isishuke zaidi ya mita 1 kwa kila mita 10, ila kwa vipande vifupi tu.

Mbili, mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima chenyewe. Kilima kikishuka mita 2 kwa kila mita 10, njia yako mwisho wake ni mita 1. Kikishuka mita 1 tu, njia iwe nusu mita. Ukivuka hapo, maji hayatatoka pembeni. Yatafuata njia mpaka chini.

Maana yake njia haishuki kilima moja kwa moja. Inakizunguka kwa ubavu. Vijana watalalamika kwamba ni mbali. Waache walalamike, wewe chomeka vigingi kila mita 5 na uitembee yote mara tatu, mara moja ukiwa na mtu mzima wa miaka sitini. Pale atakapoomba kupumzika ndipo pa kuweka kiti.

Umefaulu ukiona: kutoka kigingi kimoja unaona vinavyofuata viwili, na hakuna kilichosimama kwenye ramani yako ya maji ila pale unapovuka mkondo mara moja na kuondoka.

## Hatua ya 6: Sasa panga

Fyeka upana wa mita moja hadi moja na robo, na urefu wa mita 2 na kidogo juu. Si zaidi. Njia pana huingiza jua, jua huotesha majani, na majani hukurudisha kufyeka kila mwezi.

Kisiki kisibaki kimechongoka. Kikate usawa wa ardhi au king'oe. Kisiki cha kidole gumba, kilichokatwa mshazari, ni mkuki kwa mtoto aliyevaa ndara. Mizizi ya miti mikubwa usiikate, ipindie njia. Moto usitumike kabisa.

Onyo: tuma mtu mbele kuangalia upupu na nyigu. Upupu ukikupata usijikune. Vua nguo, jimwagie maji mengi. Na wafyekaji waachane hatua tano, kila mmoja na panga lake.

## Hatua ya 7: Ifundishe njia kutoa maji

Ukiwa na muda wa kusoma hatua moja tu, soma hii.

Inamishia njia upande wa bondeni. Kwa upana wa mita moja, ukingo wa chini uwe sentimita 5 chini ya ule wa juu. Mguu hauhisi, maji yanahisi. Udongo uliokatwa juu usiurundike ukingoni. Utupe mbali, la sivyo umejenga ukuta.

Weka migongo. Kila mita 15 hadi 20 za mteremko, njia ishuke, ipande kidogo kwa hatua nne au tano, kisha ishuke tena. Pale chini ya mpando mdogo maji hukosa pa kwenda mbele yakatoka pembeni. Fungua mdomo wa upana wa mita moja hapo, na uwe safi daima.

Achana na mawe ya chokaa. Najua nitachukiza watu. Tumezoea, kwa sababu skuli na ofisi zote zina mawe meupe yaliyopangwa pande mbili za njia, na yanapendeza. Lakini mawe yaliyogusana pande zote mbili ni mfereji. Maji yakiingia hayatoki. Nimewahi kusimama kwenye njia ya namna hii mwezi wa Mei, siku mbili baada ya mvua: katikati pamechimbika hadi gotini, mizizi iko nje kama kamba za nanga, na mawe meupe yamesimama pembeni kwenye mistari yao, hata moja halikuhama. Ukitaka pambo, weka jiwe moja kila mita 4, upande wa juu tu.

Pahala tambarare pasipokwepeka painue. Chimba mitaro pande mbili, udongo wake uupandishe katikati kuwa tuta la sentimita 20, ushindilie, utandaze kokoto juu. Mchanga mtupu usitumie. Mvua ya kwanza inauchukua.

Kwa njia za maweni shida si maji, kwani jiwe linayanywa. Shida ni ncha za mawe na mashimo yaliyofunikwa na majani. Vunja ncha kwa nyundo, jaza nyufa kwa kifusi cha jiwe hilohilo, na kila pango lililo karibu na njia liwekewe kizuizi.

Jaribio: jaza ndoo ya lita 20, imwage katikati ya njia. Maji yakitoka nje ya njia kabla ya kwenda mita mbili, umefaulu. Yakikimbia mita sita mbele yako, rudi ukachimbe. Fanya hivi kila mita 20, na usimwachie mtu mwengine.

## Hatua ya 8: Kama njia inaingia mikokoni

Hapa gharama hupanda mara nyingi zaidi, na mara nyingi ushauri wangu ni kuishia ukingoni na kujenga kipenu cha kutazamia. Mkishikilia kujenga daraja la mbao, basi anzeni na bamvua, yaani maji yanapojaa kuliko kawaida. Nendeni usiku wa mwezi mpevu au mwezi mwandamo, Machi au Septemba, mtie rangi kwenye miti pale maji yalipofika. Mbao za kukanyagia zikae nusu mita juu ya rangi hiyo.

Nguzo msikate humohumo kwenye mikoko. Kwanza inahitaji kibali, pili mtakuwa mmeua mlichokuja kukionesha. Miguu ya zege ni bora, ila mchanga wake usiwe wa pwani, kwani chumvi hula nondo kwa ndani mpaka zege lipasuke. Muiteni fundi wa mashua kabla ya fundi wa nyumba; yeye ndiye anayejua wadudu wa maji ya chumvi wanavyotoboa mbao na msumari gani haushiki kutu. Kati ya ubao na ubao muache nafasi ya sentimita moja.

## Hatua ya 9: Mlango, vibao na kiti

Mlangoni jengeni kizuizi cha kupinda: nguzo na fito zinazomlazimisha mtu kukata kona mbili. Mtu anapita, ng'ombe na bodaboda hawapiti. Pakiwa na wanaotumia kigari cha walemavu, wekeni lango pana lenye ufunguo kwa mlinzi, na kipande cha mwanzo kiwe chepesi na kigumu chini.

Vibao viwe vichache, Kiswahili kwanza. Jina la mti liandikwe kama linavyotajwa hapo kijijini. Kibao cha mlangoni kiseme urefu wa njia, muda wa kuitembea, mavazi ya heshima, na namba ya simu ya kamati ambayo kweli inapokelewa.

## Hatua ya 10: Kufungua, na masika ya kwanza

Msifungue kwa sherehe kubwa. Fungueni kimya, mwanzo wa kiangazi, kwa wanafunzi wa skuli ya jirani, na muwatazame. Watoto watakuoneshani kila njia ya mkato. Pale wanapokata kona, ama panda kichaka ama kubali kwamba wao ndio walioona vizuri.

Nunueni daftari moja la kurasa 200. Kila mwezi mtu mmoja, yuleyule, aitembee njia yote na chepe begani aandike: tarehe, mdomo gani umeziba, mti gani umeanguka, kiasi gani kimekusanywa na kimekwenda wapi. Ukurasa wa fedha ubandikwe ofisini kwa Sheha kila mwezi, hata ukiwa umeandikwa sifuri.

Halafu masika yakiingia, mvua kubwa ya kwanza ikikatika, msingoje asubuhi. Vaeni makoti, mchukue machepe na vigingi vilivyobaki, mwingie. Kila maji yanapokimbia ndani ya njia, chomeka kigingi. Mwaka wa kwanza vigingi kumi na tano ni kawaida. Mwaka wa pili vikiwa vitatu, nipigieni nije nitembee na mie.